Ekseli Nzito Chini ya Pikapu: Ni Nani Anayeihitaji Kweli?

Shafti ya nyuma ikikatika porini, mazungumzo ya jioni ile huelekea upande mmoja: gari linataka ekseli kubwa zaidi. Mwenye Hilux atatamani ekseli za Land Cruiser, mwenye Land Cruiser atatamani za lori, na mwenye fedha ataanza kuulizia ekseli za Kimarekani zinazokuja kwa meli. Ni tamaa inayoeleweka. Pikapu katika nchi zetu ndiyo ambulansi ya kijiji, ndiyo inayoshusha mahindi shambani na kupandisha watu mnadani, na ikilala njiani wakati wa masika, watu hulala nayo. Lakini kabla ya kufunga kilo mia kadhaa za chuma kipya chini ya chesisi, kuna swali linalotaka jibu la kweli: ile ya zamani ilivunjwa na nini?

Ekseli huvunjwa na uzito, huvunjwa na nguvu ya kusokota, na huvunjwa na uzembe wa matunzo. Kila kimoja kina dawa yake. Ninachokiona katika gereji nyingi ni watu kununua dawa ya kusokota kwa ugonjwa wa uzito, au kununua chuma kipya kwa ugonjwa ambao ungetibiwa na lita chache za oili.

Ekseli ya pikapu hufanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kubeba: uzito wa bodi, mzigo na abiria hushuka kupitia springi hadi kwenye bomba la ekseli, ukaingia kwenye beringi, ukafika kwenye gurudumu. Ya pili ni kusukuma: nguvu ya injini hupita kwenye propela, ikageuzwa upande na pinioni na kraunwili ndani ya difu, halafu shafti mbili zikaipeleka kwenye magurudumu, kushoto na kulia. Anayefikiria kubadilisha ekseli huanza kuuliza ukubwa wa difu. Mimi ningemshauri aanze na jambo jingine: kazi ya kubeba imepewa nani?

Katika Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger ya kawaida na pikapu nyingi za tani moja, shafti ya nyuma imepewa kazi zote mbili. Gurudumu limefungwa kwenye uso wa shafti yenyewe, na shafti imeshikwa na beringi mwishoni mwa bomba. Inasokotwa huku inapindwa, mzunguko kwa mzunguko, maisha yake yote. Siku inapokatikia nje, karibu na beringi, gurudumu huondoka na kipande chake. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, na karibu katika malori yote, mpango ni mwingine. Habu ya gurudumu huzunguka juu ya beringi mbili za koni zilizokaa kwenye bomba la ekseli, na shafti hupita katikati ikiwa na kazi moja tu ya kusokota. Hapa nitaiita shafti huru. Huhitaji kufungua kitu ili kuitambua: katikati ya rimu ya nyuma utaona habu imetokeza, ina mduara wa nati au bolti ndogo. Zifungue hizo na shafti itachomoka nzima, gurudumu likiwa limesimama chini na mzigo ukiwa juu yake.

Madereva wa zamani wa Land Rover za Series waliijua faida hii kwa mikono yao. Shafti za nyuma za magari yale zilikuwa nyembamba, na sifa yake ya kukatika ilienea kila mahali gari lilipofika. Lakini zilikuwa huru. Dereva alibeba ya akiba, akafungua bolti sita, akatoa vipande, akaingiza nyingine, akaondoka. Asipokuwa na ya akiba, aliunganisha magurudumu ya mbele na kujikokota hadi penye msaada. Gari lilikuwa na shafti dhaifu na bado liliwarudisha watu nyumbani, kwa sababu gurudumu halikutegemea shafti ili libaki mahali pake. Baadaye kiwanda kiliongeza na ukubwa: Land Rover 109 za Series III, na 110 zilizofuata, zilipewa ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo ni ya ukoo mmoja na Dana 60 ya Marekani. Kwa maneno mengine, ekseli ambayo leo baadhi yetu tunaitamani kwenye picha za magari ya Kimarekani ina ndugu yake aliyebeba simenti na mbegu za pamba vijijini kwetu kwa miongo mingi.

Tuje kwenye kusokota, kwa sababu hapa hesabu husema wazi. Chukua injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, ambayo imezisukuma Land Cruiser za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990. Torki yake ya juu ni Nm 285 hivi. Gia ya kwanza huizidisha kama mara 4, gia nzito ya transfa kama mara 2.5, na difu mara 4 na ushei. Mwisho wa kuzidisha, ekseli zinadaiwa zaidi ya Nm 11,000. Hata hivyo, shafti haipati yote hayo, maana tairi likiteleza nguvu huishia ardhini. Kinachoweka mpaka ni mshiko: uzito uliokalia gurudumu, aina ya ardhi, na umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi chini.

Ekseli iliyobeba kilo 1,500 juu ya mwamba mkavu, ikiwa na matairi ya inchi 32 ambayo nusu kipenyo chake ni mita 0.4 hivi, itafikia karibu Nm 4,700 kabla matairi hayajaanza kuteleza. Difu ya kawaida hugawa nusu kwa nusu, kwa hiyo kila shafti inapata 2,350. Sasa funga matairi ya inchi 37. Nusu kipenyo inakuwa mita 0.47, na dai la ekseli nzima linapanda hadi Nm 5,500. Ongeza difloku, inayofunga shafti mbili zizunguke pamoja, kisha gurudumu la kushoto lining'inie hewani huku la kulia limekanyaga mwamba: uzito wote umehamia kulia, na shafti ya kulia peke yake inabeba Nm 5,500. Ni zaidi ya mara mbili ya kile ilichozoea, na injini haijaongezwa hata kidogo. Bado hatujahesabu mshtuko. Tairi zito linalozunguka kasi hewani na kushika ardhi ghafla huipiga shafti kwa nguvu ambayo hakuna hesabu ya gari lililosimama inayoweza kuionyesha.

Dawa ya ugonjwa huu ni kweli chuma kikubwa au chuma bora. Uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa hupanda kwa mchemraba wa kipenyo chake: kutoka milimita 33 hadi 38 ni ongezeko la asilimia 15 tu kwa macho, lakini nguvu inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 50, chuma kikiwa kilekile. Ndiyo maana kuna watengenezaji wa shafti za aloi ya kromu na molibdeni zinazoingia kwenye bomba lilelile la zamani, na kwa wengi hiyo ingetosha bila kung'oa ekseli nzima. Mbele kuna udhaifu wa ziada. Sivijointi, ambayo wanaojua Toyota huiita Birfield, inapaswa kupitisha nguvu huku gurudumu limekatwa kona. Ukikata usukani hadi mwisho, difloku ya mbele ikiwa imefungwa, kisha ukakanyaga mafuta kupanda jiwe, mara nyingi ndiyo itakayokatika kwanza. Mafundi wenye uzoefu huwafundisha madereva kunyoosha usukani kabla ya kusukuma. Mafunzo hayo hayana gharama yoyote, na yameokoa jointi nyingi kuliko tunavyokubali.

Lakini ni pikapu ngapi kati ya zetu zinazovunjika juu ya miamba zikiwa na matairi ya inchi 37? Chache sana. Nyingi huvunjwa na kitu kinachoonekana kwa macho kila asubuhi, nacho ni mzigo.

Hilux imeundwa kubeba takriban tani moja, na hapo wamo abiria. Kila mtu anajua inavyopakiwa. Kwa miaka mingi pikapu za miraa zilizotoka Meru kwenda Nairobi zilikuwa na sifa mbili, shehena na mwendo, na vyote viwili hushukia kwenye ekseli ya nyuma. Magunia ya mkaa, matofali, viazi kutoka milimani Lushoto, pikipiki mbili juu ya kreti za soda: springi zinakaa chini, mwenye gari anaenda kuongeza bapa. Gari linasimama tena vizuri, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu kilichoongezwa ni uwezo wa springi pekee. Bomba la ekseli ni lilelile, beringi ni zilezile, shafti ni ileile, breki ni zilezile. Kilichopotea ni ishara iliyokuwa ikimwambia dereva kwamba amezidisha.

Mahali mzigo unapokaa pia ni jambo zito, na ni nadra kusikia likizungumzwa. Pikapu ya kabini mbili ina bodi fupi ambayo sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na umeweka kilo 500 sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ile haibebi 500. Inabeba 600, na ya mbele imepunguziwa 100, kwa hiyo usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza sehemu ya mshiko. Shimo moja katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa linaweza kuzidisha mzigo huo mara mbili na zaidi kwa kitambo kifupi. Matokeo huonekana polepole: bomba la ekseli linapinda kidogo, matairi ya nyuma yanalika upande mmoja, sili inaanza kuvuja kila ikibadilishwa, beringi inalia. Mwenye gari hubadilisha sili mara kadhaa bila kupima kama bomba bado limenyooka.

Malori yana mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inahusu magari yanayozidi tani 3.5, na vituo vya mizani vya TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, vinapima magari ya kundi hilo. Pikapu hupita pembeni. Maana yake ni kwamba hakuna mtu anayeipima ekseli ya pikapu isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe hupima kwa jicho. Ningependa kila mwenye pikapu ya biashara aipime japo mara moja, ikiwa imepakiwa kama inavyopakiwa kila siku, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Tarakimu zile mbili zitamsaidia kuliko ushauri wa gereji tano.

Tatizo likiwa ni uzito, ekseli nzito inasaidia, ila si yoyote. Inayosaidia ni yenye shafti huru, bomba nene na breki kubwa, na inasaidia pale tu chesisi, springi, rimu na matairi vinapopandishwa pamoja nayo. Viwanda vyenyewe vimekiri hivyo kwa vitendo. Ford ilipotangaza Ranger Super Duty yenye uzito wa juu wa kilo 4,500 gari likiwa na mzigo, haikuongeza springi na kuishia hapo: ilibadilisha chesisi, ikaweka ekseli nzito zaidi, na habu zake zikapewa nati 8 badala ya 6.

Marekani ndiko desturi ya kubadilisha ekseli ilikokomaa, na inafaa kuelewa sababu. Kule mtu hutafuta ekseli za pikapu ya tani moja: mbele Dana 60 iliyotolewa kwenye Ford F-350 za kuanzia 1985, nyuma ile ya General Motors yenye bolti 14 kwenye mfuniko wa difu. Kraunwili ya Dana 60 ina kipenyo cha inchi 9.75, shafti zake za ndani zina meno 35 na unene wa inchi moja na nusu. Ile ya bolti 14 ina kraunwili ya inchi 10.5 na shafti huru. Hawazichagui kwa sababu ni ekseli bora kuliko zote duniani. Wanazichagua kwa sababu magari hayo yalitengenezwa kwa wingi mno, yamejaa kwenye viwanja vya chuma chakavu, na beringi, sili na pinioni zake zinapatikana katika kila duka la spea. Urahisi huo ndio msingi wa desturi nzima. Anayeinakili kutoka Dar es Salaam au Kisumu anachukua chuma na kuuacha msingi ng'ambo, na siku beringi ya pinioni itakapolia Mpanda, atasubiri meli.

Hata huko kwao kazi haishii kwenye ekseli. Upana wa ekseli mpya hautalingana na bodi, kwa hiyo matairi yanatokeza nje ya walinzi wa matope. Upande ambao difu imekaa lazima ulingane na upande ambao transfa inatolea propela. Uwiano wa difu mbele na nyuma lazima uwe sawa, la sivyo transfa inaweza kuvunjika siku ya kwanza ya kuunganisha magurudumu manne kwenye lami. Matairi ya inchi 37 juu ya gari lililozaliwa na ya inchi 32 yanalipunguzia nguvu ya gia kwa sehemu moja ya saba hivi, kwa hiyo difu ya 4.1 inahitaji kwenda karibu na 4.75 ili gari lirudie tabia yake. Silinda kuu ya breki huenda isitoshe kusukuma kaliper kubwa. Propela zinakatwa na kusawazishwa upya. Vihisi vya breki za ABS vinapotea, na pamoja navyo mfumo mzima wa kudhibiti kuteleza kwenye gari la kisasa. Dana 60 ya mbele ikiwa na breki zake ina kilo 200 na zaidi, na kilo hizo ziko chini ya springi: kila shimo linazirusha, na shokapu za gari dogo hazina uwezo wa kuzituliza. Juu ya yote hayo, difu kubwa hukaa chini zaidi. Mtu aliyetaka kupita juu ya mawe amejiongezea chuma cha kugonga mawe, mpaka anunue matairi makubwa zaidi kufidia.

Njia ya Wajerumani wa Unimog, gari lililozaliwa miaka ya 1940, ilikuwa nyingine kabisa: gia za kupunguza mwendo ziliwekwa ndani ya habu, ekseli ikapanda juu ya kitovu cha gurudumu, na shafti zikapata torki ndogo zaidi. Ni suluhisho la akili sana. Kwa bei yake na ugumu wa kulihamishia kwenye pikapu ya kawaida, halitatufikia wengi.

Kwetu sisi, chaguo la busara lina jina la Toyota, kwa sababu spea zake ndizo zinazopatikana kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Bukavu. Hilux ya zamani ya LN106, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997, ilikuwa na ekseli ngumu mbele na springi za bapa pande zote, na ndiyo iliyojenga jina la Hilux katika barabara za vumbi. Kuanzia kizazi cha 2005, magurudumu ya mbele yanajitegemea kila upande. Gari limekuwa tulivu zaidi kwa mwendo mkubwa, na kulifungia ekseli ngumu mbele ni kazi ya kukata na kuchomelea chesisi, ambayo siipendekezi kwa gari la kubeba watu. Nyuma ndiko kunakofaa kufikiriwa. Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser 80 iliyo ya aina ya shafti huru ina kraunwili ya inchi 9.5, karibu sawa na Dana 60, na rimu zake hufungwa kwa nati 6 katika mduara wa milimita 139.7, vilevile kama Hilux. Ya Land Cruiser 79 nayo ina kraunwili ya inchi 9.5 na shafti huru, lakini rimu zake ni za nati 5 katika mduara wa milimita 150. Atakayeichanganya na Hilux mbele atalazimika kubeba matairi mawili ya akiba ya aina tofauti, jambo ambalo watu hulikumbuka siku ya pancha.

Kwa anayebeba mizigo mizito kila siku, hesabu ya kweli ni kuuza Hilux na kununua 79. Land Cruiser 79 ilianza kutoka mwaka 1999, ina ekseli ngumu mbele juu ya koili springi na springi za bapa nyuma, na Kenya huiunganisha Mombasa. Fundi yeyote wa wilayani anaijua. Fedha ambayo ingekwenda kwenye ekseli, propela, breki, rimu na siku za gereji inapunguza sana pengo la bei kati ya magari hayo mawili, na unachopata kimepimwa na kiwanda kikiwa kizima. 79 nayo haina ukamilifu. Toleo la dizeli ya V8 la mwaka 2007 lilitanuliwa mbele ili injini ienee, lakini ekseli ya nyuma ikaachwa nyembamba kwa sentimita 9 na nusu hivi, kwa hiyo kwenye mchanga na tope magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele bali huchimba yake. Nchini Australia kuna wanaotengeneza ekseli za nyuma pana zaidi kwa ajili hiyo tu. Huo ni mfano mzuri wa badiliko linalojibu tatizo lililopimwa.

Wapo wanaohitaji ekseli nzito bila ubishi. Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kulinda msitu wa Aberdare, huyapa magari saa 10 kupita vituo vilivyotawanywa porini, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Umbali mfupi maana yake ni kushuka korongo badala ya kulizunguka, na kupanda ukingo wa mawe ambao mtu mwenye busara angeupanda kwa miguu. Kule matairi ni makubwa, difloku zimefungwa mbele na nyuma, winchi inavuta, na gari halina mzigo mwingine wa kubeba zaidi ya watu wake. Ekseli kubwa, shafti za aloi na jointi za ziada zinapata kazi inayostahili. Uzio wa Aberdare, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka 2009, na magari yaliyovunjika kwa ajili yake yalivunjika kwa sababu njema. Anayejenga gari la namna hiyo ajenge kwa ukamilifu. Wengine tukiiga matairi bila kuiga ekseli, au ekseli bila kuiga breki, tunajenga gari hatari zaidi kuliko lililotoka kiwandani.

Nimeacha uzembe wa matunzo mwisho, ingawa ndio unaoua ekseli kimyakimya kuliko vyote. Difu inayotoka safari ndefu ni ya moto. Ikiingizwa mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, nayo inavuta maji kupitia sili au kipumulio. Siku chache baadaye oili 90 imegeuka rangi ya maziwa, na kraunwili inasagika bila kulainishwa. Dawa ni mrija mwembamba wa mpira unaopandisha kipumulio hadi juu ya bodi, na kubadilisha oili baada ya kila kuvuka maji marefu. Mbele, sili ya ndani ikichoka, oili ya difu hupenya kwenye habu ya kona na kuyeyusha grisi ya Birfield. Jointi inabaki kulainishwa na uji mweusi. Beringi za koni za habu za nyuma zinapaswa kufunguliwa, kuoshwa, kupakwa grisi na kukazwa kwa kipimo. Barabara ya changarawe yenye mawimbi, kama ile ya kutoka Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti, hulegeza nati na bolti za yu za springi bila dereva kusikia. Bolti hizo zikilegea, ekseli inasogea juu ya springi na kukata bolti ya katikati, halafu gari linaanza kwenda upande. Watu husema ekseli ilikuwa dhaifu. Ilikuwa haijakazwa.

Kuhusu kuchomelea nitasema kwa ukali kidogo. Bomba la ekseli huimarishwa kwa kuchomelewa boriti ya chuma juu yake, na ikifanywa vizuri inasaidia. Ikifanywa kwa moto mwingi upande mmoja, bomba linapinda kama lingepindwa na mzigo, na beringi mpya zinakufa zikiwa mpya. Nyumba ya difu ikiwa ni chuma cha kusubu, kuchomelea kwa vifaa vya kawaida huacha ufa unaosubiri siku yake. Fundi ambaye hana kamba au kifaa cha kupimia unyoofu kabla na baada ya moto asiruhusiwe kugusa ekseli itakayobeba watu. Vilevile bamba la kiwanda linaloonyesha uzito wa juu halibadiliki kwa sababu gereji imefunga kitu kipya. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, maana baada ya ajali hakuna atakayekusikiliza.

Kwa hiyo ukitaka uamuzi wangu: kwa pikapu ya kazi, tanguliza mizani, oili, beringi na kipumulio. Ukiona bado unahitaji kubeba zaidi, nunua gari lenye shafti huru lililotoka hivyo kiwandani. Ekseli ya kubadilisha waachie wanaofunga matairi makubwa na difloku kwa ajili ya mawe, na wafanye kazi yote, breki zikiwa za kwanza. Na kwako dereva unayepakia abiria juu ya magunia jioni ya mnada: kama shafti ya nyuma ya pikapu yako ndiyo inayoshika gurudumu, na springi zake zimeongezwa bapa, washushe watu hao leo.